Jinsi ya kuosha raba nyeupe nyumbani isigeuke njano

Oya wadau mambo vipi, karibuni uani kwetu, hizo nguo zinazoning'inia hapo nyuma ni za mama mwenye nyumba msizitazame sana, na anayeshika simu ni dogo wangu kwa hiyo picha ikicheza laumuni yeye. Wanaonijua wanajua nauza raba za mtumba pale soko la Karume, asubuhi naweka mezani jioni naosha, na kila siku lazima nikutane na mtu wa swali hili: kaka mbona zako zinang'aa, mimi nikiosha yangu inatoka njano kama imelowekwa kwenye chai? Leo najibu, na jibu nawapa kabisa kabla hatujashika maji. Uchafu haujaiharibu raba yako, sabuni ndiyo imeiharibu. Tulieni mtaona.

Hapa nina beseni, ndoo mbili za maji ya baridi, sabuni ya maji ile ya vyombo, mswaki uliochoka, brashi moja ngumu na moja laini, siki nyeupe ya dukani, matambara, na tishu ya chooni nyeupe kabisa. Nyeupe jamani. Isiwe na maua, isiwe ya pinki, nitawaambia kwa nini.

Kamba toa, soli ya ndani toa, kamba tupia kwenye kopo la maji ya sabuni zikae huko. Hapo sielezi, kuvua kamba mnajua.

Kama kiatu kina tope bichi usikiguse, ukisugua tope bichi unalisukuma liingie kwenye kitambaa. Liache likauke halafu unagonga soli kwa soli, hivi, pa pa pa, mpaka... Shikamoo mama! Hapana mama, vumbi haliji huko, tunahama, tunahama. Dogo njoo upande huu. Haya, tumehama, nilisema gongeni mbali na nguo za watu, kama sijasema nasema sasa.

Kabla ya maji kagua kiatu, hasa cha mtumba. Kuna raba soli yake ni povu la poliyurethani, na lile povu unyevu wa hewa unalila polepole kwa miaka hata kama kiatu kimekaa tu kabatini hakivaliwi, na kwa joto letu la Dar na huu unyevu wa pwani ndio kabisa. Unaiona nzima, unaivaa, unafika kituoni soli imeachia vipande kama mkate wa juzi. Kwa hiyo bonyeza kwa dole gumba, ukiona nyufa au chengachenga zinadondoka au soli inanata, usiiloweshe, huyo ni mgonjwa wa fundi. Na kama ni swedi, ile yenye manyoya manyoya, weka maji mbali. Swedi unaisugua ikiwa kavu kwa brashi laini, na palipo na doa unachukua raba ya kufutia penseli unafuta taratibu. Ndiyo, raba inasafishwa kwa raba, chekeni halafu mkajaribu.

Leo nina mbili. Hii ni Air Force 1, ngozi, kiatu kilichotoka mwaka 1982 kwa ajili ya wacheza mpira wa kikapu, leo wanavaa mpaka wasioweza kuruka mtaro. Hii haina shida sana, maana uchafu unakaa juu juu. Ya pili ni ya turubai, zile wazee wetu wakiita raba mtoni, na hii ndiyo mbishi kwa sababu kitambaa kinakunywa kila unachokipa, sabuni nayo kinainywa.

Naanza na soli, siku zote soli kwanza, maana ukianza juu utakapoisugua soli tope linakurukia ulikokwisha safisha. Brashi ngumu, sabuni kidogo, sugua. Huu ukingo mweupe wa pembeni napaka dawa ya meno nyeupe kwa mswaki, ile ya kawaida, sio ile ya jeli ya rangi rangi. Hapa narusha mbele, ni kusugua tu.

Sasa juu. Sabuni weka kidogo sana, kijiko kimoja cha chai kwenye hili beseni kinatosha. Piga povu, halafu chovya brashi laini kwenye povu, povu ndilo linaosha. Usikiloweke kiatu kama dengu. Ukikiloweka gundi ya soli inalainika, na ukiloweka kwa maji ya moto ndio umekwisha, gundi ya raba na joto hawapatani. Mashine ya kufulia hivyo hivyo, mimi siipendi, inakigongagonga kiatu mle ndani kinatoka kimepinda shingo. Sugua kwa duara, pole pole, ulimi mpaka chini kabisa, na kwenye matundu ya kamba ingiza mswaki. Dogo usinimulike usoni, mulika kiatu.

Hivi nyie mlicheza halaiki? Sisi tulicheza, raba nyeupe za turubai ilikuwa lazima, na kiatu ni kimoja mnapokezana na kaka yako, kwa hiyo usiku wa kuamkia sherehe kikiwa na madoa unachukua chaki ya darasani unapaka juu. Uwanjani ukiruka linatoka wingu. Ukimkuta mtu mpaka leo anapaka chaki mwacheni, ana historia yake.

Haya, sasa sogeeni, kwa sababu hapa ndipo nilipoungulia.

Suuza. Narudia, suuza. Kuna mwaka nilipewa kazi ya kuosha raba za wapambe wa bwana harusi, jozi sita, zote turubai jeupe, harusi Jumamosi mimi nikaziosha Ijumaa. Nilikuwa na haraka, nikamwaga sabuni ya unga ya kutosha ili zitakate, nikasuuza maji mamoja, nikazianika juani juu ya bati. Jioni napanda kuzichukua, jozi sita zote zina ramani ya njano, pua nzima ya kiatu njano, pembeni njano. Kilichotokea ni kwamba sabuni ilibaki ndani ya kitambaa, maji yalipokuwa yanakauka yakatoka nje yameibeba ile sabuni pamoja na uchafu uliojificha, yakaviacha pale juu. Usiku ule niliwasha taa nikaosha upya jozi sita, na asubuhi wapambe walivaa raba mbichi, wakitembea mnasikia kwich kwich kanisani. Hela yangu nililipwa nusu na sikubisha.

Kwa hiyo suuza. Maji ya kwanza, mwaga. Maji ya pili, mwaga. Maji ya tatu, kamua kitambaa kwa vidole hapa kwenye mshono, mnaona? Dogo sogeza. Hayo maji yanayotoka bado yana weupe weupe, hiyo ni sabuni, bado. Ukibonyeza ukaona povu hata kidogo tu, bado. Mimi nasuuza maji manne na watu wananicheka.

Na maji yenyewe mjue ni maji gani. Kama nyumbani kwenu mnatumia maji ya kisima yale ya chumvi, ya kuoshea kiatu yatafaa, ingawa povu lake la shida, lakini maji ya mwisho tafuta ya bomba au ya mvua, kwa sababu ile chumvi kiatu kikikauka inabaki juu kama umetembea ufukweni.

Maji ya mwisho kabisa natia siki, kijiko kimoja kikubwa kwenye lita moja hivi. Sabuni nyingi za kufulia zina magadi magadi, siki ni tindikali hafifu, basi inakwenda kumalizia mabaki. Harufu inaondoka ikikauka, msiogope, hamtanuka kachumbari.

Jiki? Nilijua mtauliza. Hapana. Jiki kwenye raba hapana. Zile nyuzi za plastiki kwenye mshono na kwenye neti zikikutana na jiki ndio zinakuwa njano zaidi, na uzi unalegea. Kisha kuna mtu atasema basi nichanganye jiki na siki nipate vyote, huyo naomba asikie vizuri: jiki na siki havichanganywi kamwe, vinatoa gesi ya klorini, inakuumiza mapafu. Raba zipo nyingi, mapafu ndio hayo hayo.

Sasa tishu. Kiatu kikiwa bado kimelowa, chana tishu vipande, bandika juu yake kama unabandika bendeji, kiatu chote, pua, pembeni, kisigino, mpaka kwenye mshono na soli. Kila kipande kikandamize kwa kidole chenye maji kigande kabisa. Kwa nini? Maji yakitaka kutoka yatapitia kwenye tishu, na ile njano badala ya kubaki kwenye kitambaa itabaki kwenye tishu. Ndiyo maana nikasema nyeupe, tishu ya rangi itakupaka rangi yake. Na hapa kuna ujanja, kusiwe na hewa katikati. Tishu ikiacha pengo, pale kwenye pengo ndipo... subirini, simu, huyu mteja.

Ndiyo bosi. Arobaini na mbili ninayo. Nyeusi. Haya kesho.

Nilikuwa wapi? Kisigino. Tayari hiki. Dogo anasema kisigino cha kushoto hakijakaa vizuri, wewe shika simu. Basi, kimoja, viwili, mnaona vimekuwa kama maiti za Misri, ndivyo vinavyotakiwa kuwa.

Ndani jaza matambara makavu kiatu kisijikunje. Magazeti msijaze kwenye raba nyeupe, wino unahama. Anika kivulini penye upepo, hapa chini ya kibaraza panatosha. Jua kali hapana, soli ya mpira inageuka rangi kwa jua na gundi inaachia. Usiku mzima, kikibidi na kesho mchana, wakati huu wa masika nasubiri hata siku mbili. Ukivaa kibichi harufu utakayoivuna ni yako peke yako.

Harufu nayo, kama ilishaingia, kiatu kikiwa kikavu tia bekingi soda ndani, vijiko viwili kila mguu, lala nayo, asubuhi kung'uta. Bekingi soda na bekingi pauda ni vitu viwili, msije mkaumua viatu. Kamba zile za kwenye kopo zisugue kiganjani, suuza, basi. Kama zimegoma nunua mpya, kamba ni bei ndogo.

Ambaye hana brashi, ninauza seti, ngumu na laini na ya mswaki, elfu tano, nipo mezani kila siku isipokuwa Jumapili. Brashi za nguo za kawaida zinafaa pia, siwadanganyi, ila ile ngumu ya kufulia jinzi usiipeleke kwenye ngozi itaichana.

Sawa, ni asubuhi ya pili sasa. Tunabandua. Hii ya ngozi mnaona, safi, wala haikuhitaji sherehe zote hizi. Turubai la kulia... angalieni tishu yenyewe ilivyokuwa njano, mistari yote ile ingekuwa kwenye kiatu. Kiatu cheupe. Kushoto, pua nyeupe, pembeni nyeupe, kisigino...

Dogo usicheke.

Kisigino kina alama. Hapa, kama sarafu ya mia, ndipo tishu ilipoacha pengo nikiwa naongea na mteja. Haya, hakuna kukata hii video, waone. Hatuoshi kiatu kizima, nalowesha hapa tu kwa maji yenye siki, nasugua kidogo kwa mswaki usio na sabuni, nabandika tishu upya, nakandamiza. Nakandamiza vizuri. Simu ipo ndani, na leo haipokelewi. Dogo zima, tutawaonyesha kikikauka.