Watu wa Kusini mwa Marekani si wavivu wa mazoezi

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Wengi mmeniuliza kama kweli Wamarekani wanapiga tizi kama mnavyowaona kwenye simu. Inategemea umemwona Mmarekani wa wapi.

CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, hupigia watu wazima simu na kuwauliza: mwezi uliopita, ukiacha kazi yako, ulifanya mazoezi yoyote, iwe kukimbia, kutembea au hata kulima bustani? Takwimu za 2017 hadi 2020 zinaonyesha mmoja kati ya wanne alijibu hapana. Kanda ya Magharibi ni asilimia 21, Kusini 27.5. Jimbo la Colorado ni 17.7 tu, ilhali majimbo ya Kusini ya Mississippi, Alabama na Louisiana yote yamefika 30 au zaidi. Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, ndiyo usiseme: 49.4.

Sasa nawasikia mkisema watu wa Kusini ni wavivu. Hapana jamani, na hili linaniuma kwa sababu naishi nao hapa Alabama. Mtaani kwetu nyumba ziko upande huu, maduka upande ule, katikati barabara ya njia nne, na pembeni hakuna pa mtu kupita. Majani yamekanyagwa mpaka umebaki ukanda mwembamba wa udongo, umechorwa na miguu ya wasio na gari. Mvua ikinyesha pale pote ni tope, wanashuka kwenye lami na malori yanawapita ubavuni. Nani atatoka kukimbia hapo baada ya kazi? Na Julai, jua halijapanda vizuri, shati limeshalowa kwa unyevunyevu wa hewa.

Denver, kule Colorado, hewa ni kavu, milima iko jirani, na kuna njia za baiskeli na za miguu zinazofuata kijito cha Cherry Creek mpaka katikati ya jiji. Huhitaji moyo wa chuma kutoka nje.

Halafu lirudieni lile swali: "ukiacha kazi yako". Mtu anayebeba maboksi ghalani usiku kucha, akiunganisha na kazi ya pili asubuhi, anajibu hapana kwa haki kabisa. Anaandikwa kundi moja na aliyeshinda kwenye kochi. Huyo hajakosa nia, amekosa saa.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kuja, kabla hujasaini mkataba wa nyumba, fungua ramani uone kama mtaa una njia ya waenda kwa miguu na bustani ya umma unayoweza kuifikia bila gari. Kodi ikikulazimisha kwingine, ulizia jengo kubwa la maduka lililo karibu. Mengi hufungua milango mapema kabla ya biashara kuanza, watu wanatembea ndani kwenye kiyoyozi, na hakuna kiingilio.