Mwanga Unaoupa Umeme Mwelekeo

Shikamooni wazee wangu. Wanafunzi, hamjambo.

Paneli ya sola ina tabaka mbili za silikoni. Pale zinapokutana ndipo umeme unapopata mwelekeo. Mwanga kazi yake ni kuzifungua elektroni tu. Njia imeshachorwa kiwandani. Mulika kwa jua, mulika kwa tochi, mkondo utakwenda kulekule.

Kuna fuwele ambazo mwanga wenyewe huchagua upande. Hilo ndilo lililonileta Mtwara.

Mwanga ni wimbi. Ukipitishwa kwenye kichujio maalumu, mtikisiko wake huzunguka huku ukisonga, kama keekee ya seremala inavyozama kwenye mpingo. Waweza kuzunguka kulia au kushoto.

Chukueni bismathi selenaidi. Umeme hupita usoni mwake kwa namna ya pekee. Kwangua uso huo, na tabaka la chini litakuwa uso mpya wenye tabia ileile, kwa kuwa tabia hiyo inatokana na jinsi mawimbi ya elektroni yalivyosokotana ndani ya fuwele nzima. Wavuvi wa Msimbati watanielewa: kamba yenye fundo, ncha zake zikishaunganishwa, ivute utakavyo, fundo halifunguki mpaka uikate. Ndiyo topolojia hiyo.

Usoni pale kila elektroni ina spini, yaani usumaku wake mdogo wenye mwelekeo, na spini imefungamana na safari yake. Zinazokwenda mashariki zimeielekeza upande mmoja, za magharibi upande wa pili. Mwanga unaozunguka kulia hulisukuma zaidi kundi moja. Mizani inaelemea, mkondo unatiririka bila betri. Geuza mzunguko, nao mkondo unageuka! Watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walilionyesha hili mwaka 2012. Tena mwanga sharti uinamishwe. Ukipiga wima kabisa, mkondo huo hutoweka.

Mzee mmoja ameniuliza mlangoni kama sola itashuka bei. Mzee wangu, kwa hili hapana. Mwanga wa jua ni mchanganyiko, hauna kulia wala kushoto. Tumaini langu liko kwenye vihisi vya infraredi, mwanga usioonekana ambao tunauhisi kama joto.

Nanyi vijana wa Lindi, mwaka 1988 Duncan Haldane, mmoja wa washindi watatu wa Nobeli ya fizikia ya 2016, alijenga nadharia yake ya topolojia hii ya elektroni juu ya tabaka moja la atomi za kinywe, madini yaleyale ya Ruangwa. Nimekuja na kipande. Kipitisheni mkono kwa mkono. Ule weusi utakaobaki vidoleni ni tabaka hizohizo.