Kusakinisha Programu kwenye Linux kwa Bando Dogo na Stima Inayokatika

Hamjambo, na karibuni. Somo la leo ni la mtu aliyewekewa Ubuntu, yaani mfumo wa kuendesha kompyuta wa ukoo wa Linux, kwenye laptopu juzi tu, na sasa anajiuliza programu atazipata wapi. Tutasakinisha moja mwanzo hadi mwisho: Audacity, ya kurekodi na kukata sauti. Ukiwa na rekodi za kasida za Maulidi zenye kelele za upepo, itakufaa sana. Tunatumia Ubuntu 24.04, na amri hizi ni zilezile kwenye Linux Mint, ndugu yake Ubuntu.

Kwanza, ile tabia ya kufungua kivinjari na kutafuta tovuti ya kupakulia, iache. Kwenye Linux programu hukaa ghalani, na ghala hilo linatunzwa na watengenezaji wa mfumo wenyewe. Kila kifurushi, yaani programu au kipande chake, kinachotoka humo kina muhuri ambao kompyuta yako inaukagua kabla ya kukipokea. Kitu ulichookota kwenye tovuti usiyoijua hakina muhuri huo.

Tuanze na intaneti. Wengi mtatumia simu. Kama uko kwenye nyumba ya zamani huku mtaa wa Mkomani, Lamu, zile kuta nene za mawe hula mtandao. Usikae chumba cha ndani. Njoo kiwandani, yaani uani, au kwenye daka la mlangoni, na badala ya hotspoti unganisha simu kwa kebo ya USB: kwenye mipangilio ya simu tafuta sehemu ya hotspoti, uwashe ile ya USB. Muunganisho wa kebo haukatikikatiki, na simu inapata chaji papo hapo.

Sasa fungua terminali, dirisha la kuandikia amri. Bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Tazama skrini: kuna jina lako, jina la kompyuta, na alama ya dola. Hapo ndipo tunapoandika. Andika hivi, kisha bonyeza Enta:

sudo apt update

Neno sudo linaomba ruhusa ya msimamizi, na apt ndiyo programu inayoleta vifurushi kutoka ghalani. Kompyuta itakuomba paswadi. Andika paswadi yako ya kuingilia kwenye kompyuta. Utaona hakuna herufi inayotokea, wala nyota, wala nukta. Kibodi yako ni nzima. Terminali ya Ubuntu inaficha hata idadi ya herufi ili mtu aliye nyuma yako asizihesabu. Kwenye Mint nyota huonekana. Andika mpaka mwisho, bonyeza Enta. Ikikataa, angalia kama Caps Lock imewaka.

Amri hii haisakinishi kitu chochote. Inaleta orodha mpya ya vilivyomo ghalani, basi. Mistari inayoanza na Hit maana yake orodha uliyonayo bado ni sawa. Get, inapakua mpya. Err, imekwama. Ukisoma "Temporary failure resolving", intaneti haipo: rudi kwenye simu, angalia kama bando limeisha.

Kuna kosa moja hapa linalowasumbua sana wenye laptopu za mtumba. Ujumbe unasema "Release file" kisha "is not valid yet". Wengi hudhani ghala limeharibika. Iliyoharibika ni saa ya kompyuta. Ndani ya nyingi ya mashine hizi kuna betri ndogo ya duara, aina ya CR2032, ya kutunza saa mashine ikiwa imezimwa. Ikifa, kila ukiwasha kompyuta inarudi miaka ya nyuma, na orodha iliyotolewa leo inaonekana kama imetoka siku ambazo hazijafika. Andika:

sudo timedatectl set-ntp true

Subiri dakika moja, tazama saa juu ya skrini, kisha rudia apt update. Ukipata nafasi, badilisha hiyo betri.

Ikimaliza, itakwambia kuna vifurushi kadhaa vinavyoweza kuboreshwa, na mahali pengi utaambiwa uendelee na apt upgrade papo hapo. Ifanye, kwa sababu humo mna marekebisho ya usalama, lakini ngoja uwe na Wi-Fi ya kutosha. Kompyuta ambayo haijaguswa miezi inaweza kudai mamia ya megabaiti, na bando lako la siku likaishia hapo kabla hujaipata Audacity.

Tukague tunachokitafuta:

apt show audacity

Soma jina, toleo, maelezo. Hapa hatukuhitaji sudo kwa sababu tunatazama tu. Ukiambiwa haipo, angalia tahajia. Majina ya vifurushi huwa kwa herufi ndogo, na Linux inatofautisha Audacity na audacity.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kusakinisha kuna hatua mbili: kupakua, kisha kufungua na kupanga. Stima ikikatika wakati wa kupakua, hakuna hasara, ukirudi itaendelea pale ilipoachia. Ikikatika wakati wa kufungua na kupanga, vifurushi vinabaki nusu nusu. Laptopu ya mtumba ambayo betri yake haishiki chaji itazimika hapo hapo. Kwa hivyo tunazitenganisha hatua hizi:

sudo apt-get install --download-only audacity

Itaorodhesha vifurushi vingi, si kimoja, maana Audacity inategemea maktaba nyingine za sauti, yaani vifurushi vya kuisaidia. Kabla hujabonyeza herufi Y, soma mistari miwili. "Need to get" ni kiasi kitakachotoka kwenye bando lako. "After this operation" ni nafasi itakayoliwa kwenye diski. Kisha tafuta kama kuna mstari wenye neno REMOVED. Ukiukuta, soma kila jina lililo chini yake. Ukiona ubuntu-desktop katika orodha hiyo, bonyeza n, Enta, uache kabisa. Na siku yoyote mashine ikikutaka uandike sentensi nzima, "Yes, do as I say!", usiiandike. Inakuuliza kama una hakika unataka kung'oa nguzo za nyumba.

Hapa orodha ni safi. Y, Enta. Inapakua.

Ikimaliza, subiri stima itulie au betri iwe na chaji ya kutosha, kisha:

sudo apt-get install audacity

Mara hii karibu na "Need to get" itasema 0 B, kwa kuwa kila kitu kiko tayari ndani. Hata simu unaweza kuichomoa. Utaona "Unpacking", kisha "Setting up". Mpaka alama ya dola irudi, usifunge dirisha. Na tafadhali usibonyeze Ctrl na C ukidhani unanakili maandishi. Kwenye terminali hiyo ni amri ya kukatiza kazi. Kunakili ni Ctrl, Shift na C. Kubandika ni Ctrl, Shift na V.

Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows, andika audacity, na ikoni hii hapa. Bofya, imefunguka.

Tuseme sasa stima imekatika katikati ya "Unpacking". Ukiwasha na kujaribu tena, utasoma "dpkg was interrupted": dpkg ndiyo programu inayofungua na kupanga vifurushi, na imekatizwa. Ujumbe huu ni wa kheri, kwa kuwa dawa imeandikwa ndani yake:

sudo dpkg --configure -a

Inamalizia kupanga vilivyoachwa njiani. Ikilalamika kwamba kuna kinachokosekana, fuatisha na hii:

sudo apt --fix-broken install

Hii ya pili inaweza kuhitaji intaneti, na isome kabla ya Y kama tulivyofanya juu.

Kosa jingine la kila siku: "Could not get lock". Maana yake kuna mwingine anayelitumia ghala sasa hivi. Mara nyingi ni Ubuntu yenyewe, imeanza kujiboresha kimyakimya baada ya kuwashwa, na jina utakaloliona ni unattended-upgr. Mtandaoni utaambiwa ulifute faili la kufuli kwa nguvu. Usifanye hivyo. Kazi mbili zikiandika kwenye daftari moja, daftari linavurugika. Subiri dakika kumi, ujaribu tena.

La mwisho ni la kusaidiana. Jirani ana kompyuta yenye Ubuntu 24.04 na hana bando. Vile vifurushi tulivyopakua bado vipo kwako, kwa sababu tulitumia apt-get. Apt peke yake huvifuta baada ya kusakinisha. Fungua meneja wa faili, nenda /var/cache/apt/archives, nakili faili zote zinazoishia na .deb uziweke kwenye folda ndani ya flashi. Kwa jirani, nakili folda hiyo kwenye kompyuta yake, ifungue, bofya kitufe cha kulia mahali patupu, chagua kufungua terminali hapo, uandike:

sudo apt install ./*.deb

Hiyo nukta na mkwaju ni muhimu. Inaiambia apt itazame folda hii, isiende ghalani. Mwishoni huenda ukaona mstari unaoanza na N, unaolalamika kuhusu mtumiaji aitwaye _apt. Herufi N ni taarifa tu, W ni onyo, E ndiyo kosa lenyewe. Ukiona N, endelea na shughuli zako.

Ikikupa E, na kwenye mistari ya juu yake kuna neno "Depends", kuna kifurushi ambacho kompyuta yako ilikuwa nacho tangu awali, kwa hivyo hakikupakuliwa na hakimo kwenye flashi. Andika jina lake kwenye karatasi, rudi kwako, kisha:

apt download

ukifuatisha na jina hilo. Faili itashuka kwenye folda uliyomo. Iweke pamoja na zile nyingine, urudie amri kwa jirani. Zikishakubali kwake, kwako safisha kwa sudo apt clean ili diski ipumue.