Kilo 80 za singa

Mhadhara wa jioni kwa wanafunzi wa biashara, Tanga

Assalamu alaykum, na habari za jioni nyote. Wazee mliokuja kusikiliza, shikamooni. Wagosi mliobanana kule nyuma, sogeeni mbele, maana mwandiko wangu ni mdogo na chaki yenyewe imebaki kipande.

Mliniomba nije na mazoezi ya programu mstari, yaani hesabu ya kutafuta mpango bora ndani ya mipaka uliyonayo, na takwimu za mwanzo, mtihani umekaribia. Nimekuja na zoezi moja. Najua mlitaka ishirini, lakini hayo ishirini mnayo tayari kwenye zile fotokopi mnazopeana, na karibu yote yanaanza namna moja: "x ni idadi ya meza, y ni idadi ya viti." Aliyetunga ameshamaliza sehemu ngumu, kakuachieni nyepesi. Huko kazini hakuna atakayekupa x. Utapewa maneno, tena yamechanganyika na malalamiko.

Basi sikilizeni. Kikundi hiki nimekitunga mwenyewe, msiende kukitafuta Ngamiani. Mama mwenyekiti anasema: "Mwanangu, sisi tuko sita. Tunasuka vikapu vya mkonge na mazulia ya mlangoni. Kikapu kikiuzwa, ukitoa singa, yaani nyuzi za mkonge, na rangi, tunabakiwa na shilingi 4,000. Zulia, 6,000. Singa tunaletewa na lori kila Jumatatu, kama kilo 80 hivi. Kikapu kinakula kilo moja, zulia kilo mbili. Kila mmoja wetu anaweza kukaa kazini saa 20 kwa wiki, kuna watoto, na shughuli za mtaani hazishi. Kikapu kinataka saa 3, zulia saa 2. Na yule mwenye duka hachukui mazulia zaidi ya 35 kwa wiki. Banda tunalipia elfu thelathini kwa mwezi na paa linavuja. Sasa tusuke nini?"

Kazi ya kwanza ni kutupa. Paa linavuja, pole yao, lakini haliingii kwenye hesabu. Kodi ya banda nayo haiingii, na hapa ndipo nawaona wengi wakihangaika kuigawa kwa wiki nne. Wasuke kikapu kimoja au mia, kodi ni ile ile, kwa hiyo haiwezi kuwaambia wasuke nini. Itatolewa mwisho, wakati wa kugawana.

Kazi ya pili ni kuuliza: mama huyu anaamua nini? Haamui faida, wala haamui kilo. Anaamua vikapu vingapi na mazulia mangapi kwa wiki moja. Hivyo viwili ndivyo x na y, na lile neno "kwa wiki" liandikeni kabisa. Mtu akichanganya kodi ya mwezi, saa za siku na kilo za wiki katika mstari mmoja, atapata jibu safi lisilo na maana.

Masharti sasa. Singa: x + 2y isizidi 80. Kazi: watu sita mara saa 20 ni 120, kwa hiyo 3x + 2y isizidi 120. Soko: y isizidi 35. Tena x na y zisishuke chini ya sifuri, sharti ambalo mnalisahau kwa sababu linaonekana la kijinga, mpaka kompyuta ikuambie usuke vikapu hasi saba. Lengo: 4,000x + 6,000y iwe kubwa iwezekanavyo. Ukisoma "angalau" ukaandika "isizidi", zoezi zima limekwisha kabla hujachukua rula.

Kabla ya kuchora, nipeni jibu la akili ya kawaida. Naam, kaka wa dirishani? "Mwalimu, zulia lina faida kubwa, wasuke mazulia mpaka soko liseme basi." Vizuri, tumfuate. Mazulia 35 yanakula kilo 70. Zimebaki kilo 10, vikapu 10. Saa zilizotumika ni 30 na 70, jumla 100, hawajachoka hata. Faida ni 40,000 na 210,000, yaani shilingi 250,000. Si haba.

Dada naye anasema hapana, tuangalie kilo. Kilo ya singa ikiingia kwenye zulia inaleta 3,000, ikiingia kwenye kikapu inaleta 4,000, basi wasuke vikapu. Sawa: vikapu 40 na saa zote 120 zimekwisha, faida 160,000, na nusu ya singa imelala sakafuni. Mwingine atasema tuangalie saa: saa moja kwenye zulia ni 3,000, kwenye kikapu ni 1,333 na chenji. Turudi kwenye mazulia!

Mnaona mambo? Kila kipimo kinapanga bidhaa kwa foleni yake. Ukipima kwa kilo, kikapu kiko mbele; kwa saa, zulia liko mbele. Ingekuwa vipimo vyote vinakubaliana, tusingehitaji programu mstari hata kidogo, mwenye duka yeyote wa Barabara ya Nane angemaliza kwa kichwa. Somo hili lipo kwa sababu kilo na saa zinagombana.

Chora. Mstari wa singa unatoka 80 kwenye mhimili wa vikapu kwenda 40 kwenye mhimili wa mazulia. Wa kazi unatoka 40 kwenda 60. Wa soko umelala kwenye 35. Eneo linaloruhusiwa ni lile lililo chini ya mistari yote mitatu. Sasa chukua rula, iweke kwenye mstari wa faida ya 120,000, yaani kutoka vikapu 30 hadi mazulia 20, halafu isukume juu bila kuipinda. Mahali pa mwisho rula inapogusa eneo kabla ya kuliacha ni pembe. Ndiyo maana tunapima pembe tu. Pembe hii inatoka pale singa na kazi zinapokutana: toa mlinganyo mmoja kwenye mwingine, 2x = 40, x ni 20, y ni 30. Faida 80,000 na 180,000: shilingi 260,000. Elfu kumi zaidi ya kaka yetu, kila wiki, kwa singa ile ile na mikono ile ile.

Wengi wenu mngeishia hapa, mkapiga mstari chini ya jibu mara mbili. Lakini mama mwenyekiti angewauliza swali lingine: "Nikipata singa zaidi?" Tujaribu kilo 84. Tatua tena: vikapu 18, mazulia 33, faida 270,000. Kilo nne zimeleta 10,000, yaani kila kilo ya ziada ina thamani ya 2,500. Hiyo ndiyo inaitwa bei kivuli. Tafadhali msiichanganye na bei ya sokoni. Gharama ya kawaida ya singa imeshatolewa ndani ya zile 4,000 na 6,000. Kwa hiyo akija mtu wa bodaboda na furushi la singa saa ya shida, mama anaweza kulipa bei aliyozoea na kuongeza mpaka 2,500 kwa kilo. Akizidisha hapo, anamfanyia kazi mwenye bodaboda.

Fanyeni hivyo hivyo kwa saa, mtapata 500. Saa zao wenyewe hawajalipana mshahara, kwa hiyo hiyo 500 ni thamani yote ya saa moja ya ziada. Mtu akiwashauri waajiri kijana kwa shilingi 1,000 kwa saa, wamkatalie kwa adabu. Na soko? Mazulia 30 yanauzwa, nafasi ipo ya 35. Bei kivuli ya soko ni sifuri. Kijana atakayekuja kuwauzia matangazo ya mazulia anaweza kuwa na maneno matamu sana, ila kwa wiki hii tangazo haliwaongezei hata senti. Kagueni pia: 80 mara 2,500 ni 200,000, na 120 mara 500 ni 60,000. Jumla 260,000, faida yote imegawanyika baina ya singa na kazi bila kubaki. Binafsi naona hapa ndipo penye utamu wa somo zima, na mitihani inapapa alama mbili au tatu tu.

Bei hizi zilionekana mapema. Mwaka 1938, Leningrad, Umoja wa Kisovieti, mwanahisabati Leonid Kantorovich aliletewa tatizo la kiwanda cha plaiwudi, namna ya kugawa kazi kwenye mashine, akaliona kuwa ni tatizo la aina hii na akatoa namba zinazofanya kazi kama bei kivuli, katika nchi ambayo bei zilipangwa na serikali. Marekani, mwanahisabati George Dantzig alitoa mbinu ya simpleksi mwaka 1947: anza pembe moja, hamia pembe jirani iliyo bora, simama pasipo na bora zaidi. Waliijaribu kwenye tatizo la kutafuta chakula cha bei nafuu kabisa kinachotosha mwili, vyakula 77 na virutubisho 9, makarani wakiwa na mashine za kukokotoa za mkono, na kazi ile ikala takriban siku 120 za mtu mmoja. Simu yako inaimaliza kabla hujafumba jicho. Tuzo ya Nobel ya uchumi ya 1975 walipewa Kantorovich na mwanauchumi Tjalling Koopmans; Dantzig akaachwa, jambo ambalo mpaka leo linawakera watu wa fani hii, nami nikiwemo.

Tugeuze ukurasa. Takwimu.

Mama alisema "kama kilo 80 hivi." Hilo "kama" ndilo takwimu. Tufungue daftari lake la wiki tisa: 84, 86, 82, 88, 40, 85, 83, 87, 85. Jumlisha, 720. Gawa kwa tisa, wastani 80. Kweli mama hakudanganya. Haya, nionyesheni wiki ambayo lori lilileta 80. Haipo! Hata iliyo karibu zaidi na 80 ni ile ya 82. Zipangeni kuanzia ndogo, ya katikati, yaani mediani, ni 85. Wiki nane kati ya tisa zimezidi wastani. Iliyouvuta chini ni moja, ya kilo 40, masika, lori likakwama njiani.

Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, kwa hizo tisa ni 15.1. Ondoa ile ya 40: wastani unakuwa 85, na mkengeuko unashuka hadi 2 kamili. Kutoka 15 hadi 2 kwa wiki moja! Sisemi muifute ile 40. Mwanafunzi anayefuta namba kwa sababu imemharibia hesabu hafai kushika daftari la mtu. Nasema muijue sababu yake, kisha mjue mnashughulika na aina mbili za wiki.

Ndiyo, swali? Kwa nini kwenye ule mkengeuko nimegawa kwa 8 na si kwa 9. Kwa kuwa wiki tisa ni sampuli, na wastani nimeupata humo humo, mikengeuko minane ukiijua wa tisa umeshajulikana. Mfano wa kwenu: mkonge wenyewe si mwenyeji. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, ikafika pwani hii ikiwa hai 62. Asilimia 6.2. Sasa nikikuuliza, safari ya pili itafikisha ngapi, ikitofautiana na hii kwa kiasi gani? Una safari moja. Moja toa moja ni sifuri, na huwezi kugawa kwa sifuri. Kanuni inakukatalia yenyewe kusema lolote kuhusu mtawanyiko.

Turudi kwa mama. Wiki ya kawaida ni kilo 85, tutatue kwa 85. Vikapu 17.5, mazulia 33.75. Nani atanunua nusu kikapu? Mtu wa haraka atakadiria juu vyote viwili, 18 na 34. Pimeni: kilo 86, saa 122. Vyote vimevuka. Vikapu 17 na mazulia 34 vinakula kilo 85 na saa 119, faida 272,000, na mkijaribu namba nzima nyingine zote hamtapata zaidi. Kukadiria ni kazi ya kupima tena, si ya kusogeza desimali.

Na wiki ya lori kukwama? Kilo 40. Tatueni: vikapu 40, mazulia sifuri, faida 160,000. Lile jibu la dada, lililoonekana baya kwa kilo 80, ndilo sahihi kwa kilo 40, maana sasa singa ni adimu kuliko saa. Kwa hiyo ule mpango wa 20 na 30 tuliousifia ni mpango wa wiki ambayo haijawahi kutokea. Lori linakuja Jumatatu, basi mama apime mzigo Jumatatu, apange Jumatatu hiyo hiyo. Ahadi ya mazulia kwa mwenye duka asiitoe Ijumaa ya kabla.

Zoezi la nyumbani ni moja, mlilete Jumamosi. Tuseme mmepima dakika za kusuka mazulia kumi: 95, 100, 110, 105, 120, 115, 130, 125, 140, 160. Tafuteni wastani, mediani na mkengeuko sanifu. Wastani utawapa zile saa 2 za mama. Halafu chukueni kilo 80 kama mwanzo, ila zulia sasa lichukue dakika 140, wiki ya mikono mizito. Kila kitu kingine kibaki vile vile. Zulia limekuwa gumu kusuka: je, mpango bora utakuwa na mazulia machache kuliko 30, au mengi zaidi? Andikeni kwanza mnachodhani, kwa wino, ndipo mchore.