Kiarabu nimesomea wapi? Haya, leo najibu

Haya jamani, habari za nyumbani. Leo sijapaka hata poda, nimetoka saluni saa nne hii usiku, miguu imevimba, lakini nimesema silali na hili jambo. Kila nikiweka video, hata nikiwaonyesha ugali tu, lazima mtu aulize: "Dada Pendo, Kiarabu umesomea wapi? Ulilipa shilingi ngapi? Miezi 3 inatosha?" Na kabla sijajibu, mwingine keshanijibia: "Mwacheni huyo, siku hizi ni Mwarabu."

Nianze na wewe uliyesema hivyo. Mimi ni wa Kilosa, na baba yangu mpaka leo ni mzee wa kanisa. Ijumaa asubuhi nasali kanisani Ruwi, hapa Muscat, maana wikiendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Nikisema inshallah sijabadili dini. Wakristo wa Misri na Lebanon wanalisema neno hilo tangu wakiwa watoto. Shangazi yangu alishanipigia simu analia, eti kaonyeshwa video nikisema alhamdulillah. Shangazi, kama unanitazama, nilikuwa nimepona mafua.

Sasa Kiarabu. Sijasoma chuo, na ninachojua ni cha kuokoteza. Usije ukafuata njia yangu ukakwama ukaja kunitukana. Kila mtu na kichwa chake.

Watu wanadhani ukishafika Muscat lugha inakuingia yenyewe kama vumbi. Thubutu! Mteja anaingia saluni, nimejipanga na sabah al-kheir yangu, yeye anasema, "Hujambo mwanangu, una nafasi ya kunisuka?" Kuna familia nyingi hapa zilizotoka Zanzibar, nyingine baada ya mapinduzi ya 1964, na Kiswahili chao changu hakioni ndani. Ukienda dukani, muuzaji ni wa Kerala kule India, au Bangladesh. Wafanyakazi kwa wafanyakazi tunaongea kile Kiarabu cha vibarua: "ana mafi maalum", yaani mimi sijui, "inta ruh", wewe nenda. Kitenzi hakigeuki, wingi hakuna, unasonga tu. Mwaka mzima nikakiongea hicho, najiona mtaalamu.

Mpaka bibi mmoja mteja akanishika mkono. "Mwanangu, mbona unaniita mwanamume?" Kumbe inta ni wewe wa kiume, mwanamke ni inti. Na ile ni saluni ya wanawake watupu! Mwaka mzima. Sisi Waswahili "wewe" ni wewe tu, uwe bibi uwe babu, kwa hiyo hili linatupiga chenga wote.

Lakini kilichonikalisha chini kujifunza hasa ni karatasi. Hapa naomba mnisikilize, na msiseme nalalamika.

Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa na pande mbili, kushoto Kiingereza, kulia Kiarabu. Kiingereza nikakipapasa, nikaona sawa, nikasaini. Upande wa Kiarabu niliuona kama urembo. Kumbe kwenye mambo ya kazi hapa, Kiarabu ndicho kinachosimama mkizozana. Ulipofika wakati wa kuongeza mkataba nikaletewa karatasi moja, Kiarabu kitupu. "Weka saini, ni ile ile." Kwa bahati nilikuwa nimeshajua herufi, nikaanza kusoma kimoja kimoja kama mtoto wa chekechea. Nikakuta kha, sad, mim. Khasm! Neno hilo nalijua, liko kwenye vioo vya maduka yote wakati wa sikukuu, khasm asilimia 50, punguzo. Nikafurahi, nikajua napunguziwa kitu.

Kweli nilikuwa napunguziwa. Mshahara. Riali 15 kila mwezi, karibu dola 39, za chumba tunacholala watu 4. Neno la punguzo ndilo hilo hilo la makato. Na ukilitafuta kwenye kamusi unakuta lina maana nyingine, mpinzani, ndiyo hasimu yetu sisi. Siku hiyo nilimjua hasimu wangu kwa herufi 3. Sikusaini. Tulivutana wiki 2, ikaishia riali 5 badala ya 15. Saluni yenyewe siitaji, nilishaondoka pale, na sitaki kesi.

Ndiyo maana mkiniuliza nianzie wapi, mimi nasema herufi. Ni 28 tu. Tatizo, kila moja inabadilika sura ikikaa mwanzo, katikati au mwisho, na kuna 6 haziungani na inayofuata. Mimi nilijifunzia barabarani, kwa sababu vibao vimeandikwa lugha 2, ukikwama unachungulia Kiingereza. Namba nilizipata kwenye pleti za magari nikiwa kwenye basi. Tano yao ni kiduara kama sifuri yetu, sifuri yao ni nukta, na sita yao inafanana na saba yetu. Usipozijua hizo, sokoni utalia.

Ila wenzangu mliosoma madrasa, ninyi herufi mnazo tayari, mmetuacha mbali. Kinachowakwamisha ni kwamba maandishi ya kawaida hayawekewi irabu fupi. Unasoma k-t-b, mengine unajaza mwenyewe.

Utamu wa sisi Waswahili ni maneno. Kitabu, katibu, maktaba, yote yanatoka kwenye hiyo k-t-b, na ofisi ni maktab. Kamusi zao nyingi hupangwa kwa mizizi hiyo, ndiyo maana mwanzoni ukitafuta neno hulioni. Sita, saba, tisa, ishirini unazo mfukoni toka Tanzania, sema 25 wao wanaanza na tano: khamsa wa ishrin. Mtu akinitajia namba ya simu mpaka leo natoka jasho.

Lakini maneno hayo hayo yanaaibisha. Nilimwambia mteja nywele zake ni rakhis, nikimaanisha ni rahisi kusuka. Kwao rakhis ni bei chee. Nimemwambia mtoto wa watu ana nywele za bei chee! Baksheeshi siku hiyo sikuiona.

Hela. Mwalimu wa mtandaoni nilimjaribu, riali 6 kwa saa, nikasoma mara 4 nikaacha. Alikuwa Mmisri, mzuri tu, lakini ananifundisha kusema "awza" nikitaka kitu, na wateja wangu wanasema "abgha". Kwa hiyo chagua kwanza unataka Kiarabu cha wapi. Kile cha vitabu, fus-ha, ndicho cha mikataba na taarifa ya habari, lakini ukikitumia kuagiza samaki watu wanacheka. Mimi nasoma cha vitabu, naongea cha mtaani. Kwako huenda isifae, sijui.

Halafu jina langu. Kiarabu hakina "p". Wazee wetu wa Lamu na Mombasa waliandika Kiswahili kwa herufi hizi hizi, na wapo walioazima ile pe ya Kiajemi, iliyo kama be yenye nukta 3 chini. Mtarjimu wangu hakuwa na shida zote hizo. Kwenye cheti changu cha kuzaliwa aliandika be, nun, dal, waw, basi. Sasa bila irabu, kila ofisi inanisoma inavyotaka: Bandu, Bindu, Bundu. Karatasi moja Bindu, nyingine Bandu, nikaambiwa hizi ni za watu wawili, nenda katafsiri upya. Na kutafsiri upya ni hela yangu, riali 3 kila ukurasa, mhuri mbali.

Kesho nina zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi narudi kwa mtarjimu. Safari hii nimemwandikia mwenyewe, oneni, nimechomeka ye katikati: be, ye, nun, dal, waw. Beendo. Akibadilisha hata nukta moja, silipi.