Banksy na Kona ya Ukuta Niliyokuwa Sijaizunguka

Walimu wenzangu, wanafunzi na wakazi wa Iringa mliofika jioni hii,

Miaka michache iliyopita, katika ukumbi huu huu, nilisema kwamba Banksy, msanii wa Uingereza anayechora kwenye kuta za mitaani, amepigiwa debe kuliko kazi yake inavyostahili. Nimeomba nafasi ya leo ili niyafute maneno hayo mbele yenu, kwa kuwa baadhi yenu mliyasikia.

Sababu zangu hazikuwa za kipuuzi. Huyu ni mtu anayeficha jina lake, anayetumia stensili, yaani vibao vilivyokatwa umbo ili rangi ipite, ambazo Mfaransa Blek le Rat alikuwa akizipaka kwenye kuta za Paris tangu 1981. Mchoro wa Banksy uliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's, London, Oktoba 2018, kwa zaidi ya pauni milioni moja, papo hapo ukajikatakata nusu kwa mashine iliyofichwa ndani ya fremu, na mwaka 2021 ukauzwa tena hivyo hivyo kwa zaidi ya pauni milioni 18. Nilidhani kelele ndiyo kazi yenyewe, na kuhusu mnada ule bado nina mawazo yale yale.

Kilichonigeuza ni banda la kuegeshea gari. Desemba 2018, mchoro wake ulionekana kwenye kona ya banda la mkazi mmoja wa Port Talbot, Wales, mji wa kiwanda cha chuma ambao watu wake walikuwa wakilalamikia vumbi. Picha niliyoiona mwanzoni ilionyesha ukuta mmoja tu: mtoto mwenye kofia, mikono ameitanua, ulimi nje, anadaka theluji. Nikasema hiyo ni kadi ya Krismasi. Ukizunguka kona, ukuta wa pili una pipa la taka linalowaka moto, na ile theluji ni majivu yake.

Sisi tuliokulia jirani na matanuri ya matofali hatuhitaji mkalimani hapo. Mama yangu alikuwa akianua nguo za kamba nzima kila upepo ulipogeuza moshi upande wetu, nasi watoto tukikimbilia majivu mepesi yaliyoshuka kama manyoya, tukiyadaka na kuyapuliza viganjani.

Kosa langu lilikuwa kuupima ukuta kana kwamba ni turubai. Fikirini alama ya X nyekundu inayopakwa kwenye nyumba iliyojengwa ndani ya hifadhi ya barabara: kwenye karatasi ni mistari miwili ambayo mtoto wa chekechea angeichora, lakini kwenye ukuta wa mtu familia nzima haipati usingizi. Banksy anaichagua sehemu kwa uangalifu uleule anaokata nao stensili zake, na pale Port Talbot ni miguu ya mtazamaji inayoigeuza theluji kuwa majivu.

Mwaka 2019 kuta zile zilihamishiwa ndani ya jengo mjini, na mwaka 2022 zikaondolewa Port Talbot kabisa. Kona ilisafiri, kiwanda kikabaki, na hilo linaniuma.

Ndiyo maana sehemu ya pili ya mhadhara huu haitakuwa ukumbini. Jumamosi asubuhi tutakwenda Igeleke, hapa hapa Iringa, kwenye michoro ya kale ya rangi nyekundu ambayo ingali juu ya mwamba uleule ilipochorwa. Naomba mtu asipige picha kabla hajakaa chini ya mwamba, akaupa mgongo, na kuitazama nchi ambayo wachoraji wale walikuwa wakiitazama.