Run si Kukimbia Tu

(Mazungumzo na walimu wa Kiingereza, Mbeya)

Walimu wenzangu, wakubwa shikamooni, na wengine habari za asubuhi. Kwa baridi hii ya Julai sitawaweka sana.

Naanza na kosa langu. Nikiwa mwalimu mpya niliandika ubaoni: run, kukimbia. Wanafunzi wakanakili, nikafuta ubao, nikaenda zangu. Wiki iliyofuata nikawapa sentensi watafsiri: My father runs a shop. Kijana mmoja akaandika, "Baba yangu anakimbia duka." Nikampa kosa kubwa la wino mwekundu. Masikini, yeye alikuwa ananitii mimi. Tena Kiswahili chake wala hakikuwa kibovu. Mtu anaweza kabisa kulikimbia duka lake, hasa wadai wakishafika mlangoni.

Wahariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford walipolipitia upya neno hili waliihesabia run maana 645, ikiwa kitenzi peke yake. Mhariri wake, Peter Gilliver, ilimchukua miezi tisa, mimba nzima. Sasa wewe ukamkaririshe mtoto wa kidato cha pili?

Mimi huwaambia hivi: waza kitu kinachokwenda mfululizo bila kukatika. Maji ya bomba yanatiririka, yana-run. Kamasi zinamtoka mtoto, pua ina-run. Injini inawaka, ina-run. Kitenge kinachuja rangi kwenye beseni, rangi ina-run. Na duka la yule baba linakwenda kila siku, kwa hiyo analiendesha. Miguu ya mwanariadha ni tawi moja tu la mti huu. (Kugombea urais nako Wamarekani wanaita run, Waingereza husema stand, wao wanasimama. Sisi tunagombea, na nadhani ndio tuliosema ukweli.)

Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa kunyoosha mkia wa kitenzi. Kimbia, kimbilia, kimbiza. Humo ndimo tukapata kimbilio na mkimbizi. Mwenge wa Uhuru tunaukimbiza, ingawa siku hizi sehemu kubwa ya njia umepanda gari. Run haina mkia wa namna hiyo, kwa hiyo Mwingereza huweka kineno nyuma yake: run away, ametoroka, run over, gari limemgonga, run into, nimekutana naye bila kutarajia, au nimeuparamia ukuta. Mwanafunzi anayesoma run akasimama hapo hapo amesoma nusu ya neno. Mzoesheni kutazama kulia.

Run out nakaa nayo kidogo. Nyumbani tunasema, "Sukari imetuishia." Sukari ndiyo iliyotenda, sisi tumetendewa, hatuna kosa. Mwingereza anasema we have run out of sugar: sisi ndio tuliotenda, sukari imebaki nyuma ya sentensi. Mtoto akiandika the sugar has finished us, msicheke. Ameihamisha sentensi ya mama yake neno kwa neno.

Halafu kuna zile zinazowachanganya hata walimu. Basi limekwama Kitonga nyuma ya lori la mafuta, halitikisiki, kondakta ameshashuka anatafuna mahindi. Kwa Kiingereza basi hilo is running late. Linakimbia vipi? Au Ruaha Mkuu. Tangu 1993 mto huo umekuwa ukikatika kiangazi kule chini ya bonde la Usangu, ukabaki mchanga na vidimbwi vya viboko. Kiingereza kinasema umekuwa ukirun dry, yaani mto una-run kwa kuacha ku-run. Hapo mwendo umeshatoka ndani ya neno. Limebaki kuonyesha hali ambayo kitu kimeingia: kuchelewa, kukauka, kupungua. Tafsirini hali yenyewe, run muiache.

Naona mkono kule nyuma. Anauliza, "Na mtoto anayeendesha?"

Ahsante, mwalimu. Mtoto anayeendesha tumbo, Mwingereza naye husema ana the runs. Sisi tumepitia kwenda, wao kukimbia, tukakutana chooni.

Chai imeletwa. Tuinukeni, maandazi yasije yakatuishia.